Vinyoya Kabla ya Upepo

Jengo letu liko nyuma ya Mnazi Mmoja, ukishavuka tu kuingia Kariakoo. Ni jengo la zamani la ghorofa tatu, na chini yake kuna duka la vitambaa ambalo zamani lilikuwa la marehemu Kanubhai. Juu kabisa kuna paa la zege ambalo kila mtu analitaka. Watu wa chini wanalitaka kwa kuanikia nguo, na watu wa juu wanasema ni lao kwa sababu wao ndio wanaovujiwa. Lakini alfajiri, azana ikishapita na jua halijatoka sawasawa, paa lilikuwa la wanawake wawili tu na hakuna aliyewabishia. Mmoja ni Ranjanben wa ghorofa ya kwanza, mjane wa huyo Kanubhai. Wa pili ni Bi Maimuna wa ghorofa ya tatu, mke wa mzee Sadalla aliyestaafu bandarini. Walikuwa wanacheza vinyoya.

Kwenye televisheni wanaita badiminton. Sisi jengoni tunasema vinyoya, maana kile kitu kinachopigwa ni kinyoya, hata kama siku hizi vingi ni vya plastiki.

Alfajiri ni kwa ajili ya upepo. Kinyoya ni chepesi mno. Hewa ikitulia kinakwenda unakokituma, ila upepo wa baharini ukishaamka, unakipiga huku kinaangukia kule. Neti yao ilikuwa khanga ya Bi Maimuna, kuukuu, maneno yake yamefutika kwa jua, imebanwa na vibanio kwenye kamba ya nguo katikati ya paa. Khanga ikianza kutikisika, mchezo umekwisha. Hakuna anayesema tumalizie kidogo. Wanaitoa, wanaikunja, wanakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, na aliyeshindwa anateremka kupika chai.

Mimi nilikuwa napanda na beseni la nguo, kwa sababu mama alinifundisha kuwahi kamba kabla ya wenzetu. Nilikuwa naanika polepole kuliko inavyotakiwa. Shule niliishia darasa la sita, mama alipoanza kuumwa mgongo, na tangu hapo asubuhi zangu hazina mtu wa kunikimbiza.

Ranjanben alizaliwa Kisutu, na Kiswahili chake ni cha kuzaliwa nacho. Ni mrefu, mwembamba, nywele zake nyeupe kazifunga fundo kisogoni. Alikuwa anacheza amevaa panjabi na raba nyeupe anazozisugua kwa mswaki uliochakaa. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anajua kinyoya kitaangukia wapi, anafika mapema, anakisubiri kama mtu aliyesimama mlangoni kumpokea mgeni. Wa kukimbia alikuwa Bi Maimuna, mfupi, mnene, peku, dera kalifunga ubavuni, anapiga huku anapiga na kelele.

Wenyewe kwa wenyewe hawakuitana majina. Waliitana kwa watoto wao: Ranjanben alikuwa Mama Utsav, Bi Maimuna alikuwa Mama Twaha.

"Imetoka hiyo, Mama Twaha."

"Imetoka wapi? Imeangukia ndani kabisa!"

"Imeangukia kwenye beseni la Ummy."

"Ummy! Imeangukia kwenye beseni lako?"

Nikisema ndiyo, Bi Maimuna ataninunia. Nikisema hapana, kinyoya chenyewe kile pale juu ya shuka letu. Nikanyamaza.

"Umeona? Shahidi kanyamaza. Maana yake imeingia."

"Shahidi kanyamaza kwa sababu anakuogopa. Hata mimi nakuogopa. Pika chai."

"Sipiki."

"Tangawizi weka nyingi."

Na Bi Maimuna anateremka ananung'unika, anapika, analeta, na tangawizi ni nyingi. Ilikuwa hivyo kabla sijazaliwa. Mama yangu alipohamia jengoni akiwa na mimba yangu aliwakuta wanabishana vilevile.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, mzee Sadalla alianguka bafuni na hakuamka tena.

Turubai lilifungwa barabarani, mikokoteni ikawa inapita kwa kuzunguka, na wapagazi wa mizigo wanaosema "Pisha! Pisha!" kutwa nzima siku ile walikuwa wanapita kimya. Ranjanben alikaa mkekani pamoja na wanawake, amevaa sari nyeupe, karibu na mlango. Alimshika Bi Maimuna mkono. Baada ya kisomo watu walitawanyika, na Bi Maimuna akaingia eda. Mwanamke aliyefiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, anavaa nyeupe. Kila mtu jengoni anajua hivyo, hata mafundi cherehani wa kibarazani.

Siku chache baadaye Ranjanben alipanda na sufuria ya dengu, bado inatoa moshi. Nilikuwa ngazini na beseni langu. Mlango ulifunguliwa na Fatuma, mke wa Twaha, mtoto mgongoni na simu sikioni.

"Mama yuko eda, bibi," alisema. "Hatoki."

"Najua. Nimeleta hii."

"Asante bibi. Nitampa."

Fatuma hakuwa na ubaya. Alikuwa na mtoto, na simu, na jiko linaungua. Lakini Ranjanben alisimama pale kidogo baada ya mlango kufungwa. Kisha akateremka, mkono mmoja ukutani kwa ajili ya magoti yake, na tangu siku hiyo hakugonga tena.

Kesho yake alfajiri nilimkuta paani. Khanga hakuifunga. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa kibanda kinachofunika ngazi, anapiga kinyoya ukutani. Raketi, tak. Ukuta, tak. Kinamrudia kwa chini, legelege, naye anainama kukiwahi. Ukuta haurudishi vizuri kama mtu. Mara nyingi kilianguka, na kila kilipoanguka alikuwa anakwenda kukiokota, anaweka mkono kiunoni, anaanza upya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Ummy. Umeanika nyingi leo."

"Bibi, unafanya mazoezi?"

Akaelekeza raketi chini, kwenye zege. "Chumba chake kiko hapa chini yetu. Dirisha lake linatazama ngazi. Anasikia. Nataka ajue kwamba nipo, namsubiri."

"Si uingie ndani tu, umwone?"

Alinitazama kama vile nimesema jambo la kitoto. "Mwenye msiba wa namna ile haonwi. Na mimi mwenyewe mjane. Kwetu asubuhi watu hawapendi kukutana na uso wa mjane, wanasema una nuksi. Nimpelekee sura hii imwongezee nini?"

Nilikuwa nimeona wanawake wakiingia kwa Bi Maimuna na mahotipoti, shangazi zake na wadogo zake wa Ilala. Nikafikiri pengine wao ni ndugu, kwa wasio ndugu au wa dini nyingine sheria ni tofauti. Sikuijua eda kiasi hicho. Nikaendelea kuanika.

Siku nyingine mvua ilimkimbiza, tukajibanza wote wawili kwenye kibanda cha ngazi, na hapo ndipo aliponisimulia. Hakuwa ananisimulia mimi hasa. Alikuwa anaitazama raketi.

Alisema akiwa msichana alicheza kwenye ukumbi wa jumuiya yao Upanga, ukumbi una paa, una mistari, una watu wanaopiga makofi. Alipata kikombe, kiko nyumbani kwake hadi leo pembeni ya miungu yake. Kanubhai alimwona pale ukumbini. Baada ya kuolewa aliendelea kucheza, ila Kanubhai alipokufa wakwe zake wakasema mjane harukiruki mbele za watu. Raketi ikatundikwa msumarini. Utsav alikuwa bado mdogo. Ranjanben alikaa ndani, si kwa sheria wala kwa siku zilizopangwa, alikaa tu. Hakuna aliyemwambia mwisho wake ni lini.

"Basi siku moja anakuja huyu," alisema, akionyesha chini kwa kidevu. "Wanakaa juu, bomba lao linanivujia, nimempelekea salamu kali. Anakuja kuomba radhi. Anaiona raketi. Ananiuliza, 'Dada, hii ni ya kuchujia nini?'"

Alicheka peke yake.

"Nikamwambia ni ya mchezo. Akasema, 'Nifundishe.' Nikamwambia mimi sichezi tena, mimi mjane. Akasema, 'Mimi sijakuuliza kama unacheza. Nimekwambia unifundishe.' Kesho yake alfajiri kagonga mlango wangu mpaka mtoto akaamka. Kashika khanga. Hajui hata raketi inashikwaje. Unajua, Ummy, mpaka leo anaishika kama mwiko."

Mvua ikapungua. Alitoka, akajaribu zege kwa raba yake, ikateleza, akarudi.

"Sasa ni zamu yangu kugonga," alisema, "na mimi siwezi kugonga mlango. Nagonga ukuta."

Mama yangu anapika vitumbua, na tangu msiba alikuwa ananituma kumpelekea Bi Maimuna sahani moja kila Ijumaa. Ijumaa moja Fatuma alikuwa ameenda sokoni, nikaingia mwenyewe. Bi Maimuna alikuwa kakaa kitandani karibu na dirisha. Sikuwahi kumwona hana wanja. Macho yalionekana madogo.

"Ummy, kaa. Wewe huwa uko juu asubuhi."

"Ndiyo bibi."

"Anacheza na nani?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Mama Utsav. Kila asubuhi nasikia. Mmoja anapiga, mwingine anarudisha. Tak, tak. Tak, tak. Ni yule binti wa Kasmir wa ghorofa ya pili, eh? Yule mwenye miguu mirefu?"

"Hapana bibi. Hachezi na mtu."

"Hachezi na mtu, nasikia wawili!" Aliguna, akageukia dirisha. "Sawa. Wewe umefundishwa usiseme ya watu. Ni tabia nzuri. Ila udongo wa marehemu haujakauka, yeye keshapata mwenzake. Hata kuja kuniambia pole ya pili hajaja. Labda ananiogopa. Wao wana mambo yao na wajane."

Nilifungua mdomo, Fatuma akaingia na kapu la nyanya, na mtoto analia, na Bi Maimuna akamwambia palepale, "Ukimwona Mama Utsav mwambie apunguze kelele. Hapa ni kwenye msiba."

Fatuma alimwambia. Najua kwa sababu kesho yake nilipopanda paa lilikuwa tupu. Nikaanika haraka, hakukuwa na cha kusubiri. Upepo ulikuja, ukachezea nguo, ukaondoka.

Utsav alifika kutoka Lesta, Uingereza, mvua za masika zilipokuwa zinakwisha. Ni mtu mpole, ana mvi kidogo, anatabasamu na kila mtu ngazini, ila Kiswahili kimemtoka. Baada yake wakaja watu kutazama nyumba, wanapima kuta kwa kamba. Kitanda kikateremshwa, kabati likateremshwa, jokofu likateremshwa na wapagazi wanne wanaotukanana kwa upendo. Jengo zima likajua. Ranjanben anaondoka, anahamia kwa mwanawe moja kwa moja. Huko ana mjukuu anaitwa Jinal ambaye amemwona kwenye simu tu.

Nilimkuta siku hizo amekaa kwenye kizingiti chake, kwa sababu viti vimeshauzwa. Raketi ilikuwa mapajani.

"Bibi, hupandi tena juu?"

"Wameniambia kelele." Alisema taratibu, bila hasira. "Ni haki yao. Mimi nilifikiri anapenda kusikia."

Hilo lilinikaa kifuani. Kuongea na wakubwa kwangu ni kazi, maneno yananifika mdomoni yamechelewa. Ila Ijumaa ilifika, na sahani ya vitumbua, na Bi Maimuna kitandani karibu na dirisha, ameelekeza sikio nje.

"Mbona kimya siku hizi?" aliuliza. "Mwenzake kamchoka?"

Niliweka sahani chini. Nikachukua upawa mezani kwake, nikachukua kifuniko cha chupa ya chai, kile cha plastiki, nikasimama mbele ya ukuta wa chumba. Nikapiga kifuniko kwa upawa. Tak. Kikagonga ukuta. Tak. Kikaanguka chini ya kitanda.

Bi Maimuna alinitazama kama nimepandwa na mashetani.

"Ni ukuta, bibi," nikasema. "Anapiga ukuta wa ngazi. Hakuna binti wa Kasmir. Alikuwa anapiga ili usikie kwamba anakusubiri. Na hagongi mlango kwa sababu anaona haruhusiwi, anasema uso wake wa mjane. Na anaondoka kesho."

Nadhani sijawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mkupuo. Bi Maimuna aliinama, akatazama chini ya kitanda, akakitoa kile kifuniko, akakifuta kwa nguo yake nyeupe muda mrefu.

"Nenda kamlete," alisema. "Mwambie nisipomwona sasa hivi natoka mimi, na dhambi hiyo iwe juu yake."

Ranjanben alipanda kashika ukuta, anapumua. Mlangoni alivua viatu, akabaki kasimama nje ya chumba.

"Ingia. Au unaniogopa?"

"Niogope nini?"

"Sijui. Kunitazama."

"Mimi nilidhani wewe ndiye hutaki kutazamwa. Fatuma alisema uko eda, hutoki."

"Mimi ndiye sitoki! Nani kasema watu wasiingie? Hii ni eda, Mama Utsav, siyo jela. Na hata jela wageni wanaingia."

Ranjanben alicheka, halafu akajiziba mdomo, kwa sababu ni nyumba ya msiba.

"Cheka tu. Marehemu mwenyewe alikuwa anazicheka hizo raba zako."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mimi nilikaa sakafuni karibu na mlango na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Nilidhani umepata mwenzako," Bi Maimuna alisema. "Ndiyo maana nikasema kelele. Si kwa ajili ya kelele."

"Mwenzangu nani? Jengo hili lote nani mwingine anaweza kusema imeingia wakati iko kwenye beseni?"

"Iliingia."

"Haikuingia."

Barabarani mtu alikuwa anatangaza bei ya mashati kwa kipaza sauti, ileile sentensi, inarudi na kurudi.

"Kesho," alisema Bi Maimuna.

"Kesho."

"Eda yangu bado."

"Najua bado."

"Huwezi kumwambia mwanao asubiri?"

"Nilimwambia. Kazi yake inamwita, na nyumba ina mwenyewe sasa. Nikamwambia kuna mtu nataka kucheza naye mara moja kabla ya kuondoka. Akanishika bega. Akasema, 'Mama, huko kuna kumbi nzuri sana.'" Alizitazama kucha zake. "Ni kweli zitakuwa nzuri. Yeye hajui, atajuaje? Anadhani ninachotaka ni kucheza."

Bi Maimuna aliinua ukingo wa shuka. Raketi yake ilikuwa chini ya kitanda, vumbi limeikalia. Aliitazama, akatazama dirisha, akatazama ngazi za kupanda paani, ambazo ni chache tu kutoka mlangoni kwake. Sote watatu tuliziona.

"Usiniangalie hivyo," Ranjanben alisema. "Hupandi. Mzee Sadalla alimbeba Kanubhai wangu kwenye ngazi hizi mpaka chini, wakati ndugu zangu wenyewe walikuwa bado wanatafuta wa kushika mguu. Mkalie eda yake yote. Hata siku moja usimwibie."

Bi Maimuna alirudisha shuka. Akalia kidogo, bila sauti, akajifuta.

"Basi kesho panda wewe," alisema. "Upige. Mimi niko hapa chini."

"Utajuaje nimekosa?"

"Nitajua. Siku zote najua, nabisha tu."

Jumamosi nilipanda bila nguo za kuanika. Hewa ilikuwa imetulia, na moshi wa mama lishe wa kule chini ulikuwa unapanda umenyooka. Ranjanben alivaa nguo za safari, suruali ya kijivu na sweta ambalo lilimfanya atoke jasho, na zile raba. Alisimama mbele ya ukuta, akapiga.

Tak. Tak. Tak. Tak. Kinyoya kikaanguka.

Kutoka chini yetu, ndani ya zege, kikaja kishindo kimoja. Du! Bi Maimuna alikuwa kashika mpini wa ufagio, anagonga dari.

Ranjanben aliinamia sakafu. "Haijaanguka!" alipiga kelele. "Nimeiwahi!"

Du! Du!

"Mbishi wewe! Hata kuona huoni!"

Du!

Akapiga tena, na tena. Kila alipokosa, du. Mara moja alipiga mfululizo mrefu, mrefu sana, sikuwahi kuuona paani, kinyoya kinakwenda na kurudi kama kimefungwa kwa uzi, na mimi nilikuwa nimeshika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Alipokosa mwishowe hatukusikia kitu. Ranjanben alisubiri. Halafu vikaja vishindo vingi, vidogo vidogo, vya haraka. Alikuwa anapiga makofi kwa ufagio.

Utsav alitokea kwenye kibanda cha ngazi na kumkuta mama yake anaongea na sakafu. Alisema neno kwa Kigujarati, akaonyesha saa yake.

"Ngoja," alimjibu kwa Kiswahili. Alilowesha kidole, akakiinua hewani. Upepo ulikuwa umeanza. Akaweka raketi kwenye mfuko wake.

Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Bi Maimuna alikuwa amesimama ndani ya kizingiti, Ranjanben nje yake. Bi Maimuna alimpa ile khanga ya neti, imekunjwa.

"Chukua. Huko utapata wapi kamba ya nguo?"

"Na wewe utacheza na nini?"

"Teremka, gari linakusubiri. Na magoti yako, shika ukuta."

Ranjanben alishika ukuta. Tulisikia raba zake mpaka chini, halafu mlango wa gari, halafu Kariakoo.

Eda iliisha wakati wa kipupwe. Shangazi zake wa Ilala walikuja na pilau, walimwogesha, wakampaka wanja, wakamwachia udi. Twaha alimpeleka kutembea mpaka Feri kumwonyesha bahari, Bi Maimuna akarudi akasema miguu inauma na samaki wamekuwa wadogo. Kesho yake alfajiri nilipopanda na beseni nilimkuta paani, peku, dera kalifunga ubavuni, mbele ya ukuta. Alikuwa kashika raketi kama mwiko. Alipiga, kinyoya kikamrudia miguuni, akakikosa.

"Imetoka," alisema kwa sauti. Akasubiri kidogo. "Huu ukuta haubishi hata kidogo, Ummy."

Alipanda siku ile, na siku zilizofuata. Sikuwahi kumwona anakokota pumzi hivyo alipokuwa anakimbia kweli.

Asubuhi moja alikuwa na simu ya Fatuma. Ujumbe wa sauti ulikuwa umeingia kutoka Lesta, lakini vitufe vinamsumbua. Nikambonyezea. Sauti ya Ranjanben ikasema, "Mama Twaha, sikiliza," halafu hakusema tena. Ilikuja sauti ya mahali pakubwa penye mwangwi, pasipo na upepo. Kisha tak. Tak. Tak. Tak. Muda mrefu. Halafu ikakatika.

Bi Maimuna alikuwa kaishikilia simu sikioni hata ilipokwisha.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. Akaniwekea sikioni mimi.

"Wewe masikio yako bado mapya. Huyo ni mtu au ni ukuta?"

Nilifumba macho. Nilisikiliza kama kuna miguu mingine, pumzi nyingine, mtu wa kusema imetoka. Kilipigwa, kikarudi. Kikapigwa, kikarudi.

"Sijui, bibi," nikasema.

Alichukua simu, akaifuta kioo kwa dera.

"Na awe mtu," alisema. "Mwenyezi Mungu amjaalie awe mtu. Hata kama anajua kucheza kuliko mimi."

Akanipa simu nimshikie, akakiokota kinyoya, akarudi mbele ya ukuta. Nguo nilizoanika zilikuwa zimeshaanza kutikisika, lakini yeye aliendelea kupiga.